Mke Mmoja kwa Kila Namba

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita niliwaacha na sikio langu la kushoto likiwa mkononi mwa Sesilia. Kuna mliopiga simu gazetini kuuliza kama lilishonwa. Halikushonwa, na kabla jua la siku ile halijafika utosini nilikuwa nimeshalisahau, kwa sababu yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nimweleze haraka. Jina langu ni Beda Donati, mkata mkonge, mjukuu wa manamba aliyeletwa Kilosa kwa treni na hakurudi kwao. Miaka sita iliyopita, kwenye kambi ya Mvumi, nilimvunja nyapara taya. Nikafukuzwa. Binamu yangu Ditram, mtoto wa mjomba, alikuwa kambi ya upande wa Zombo, amechoka na miiba, anataka kwenda Lumuma kulima vitunguu. Akaniachia namba yake ya kazi. Tangu siku hiyo nikaitwa Ditram.

Msishangae. Kwenye mashamba yetu namba haifi. Mtu akiondoka, namba yake huchukuliwa na ndugu. Akifukuzwa, hubaki kwa nyapara, naye humpa amtakaye. Ya kwangu ya Mvumi aliipata nani sikuwahi kuuliza. Babu zetu waliishi hivyo na hakuna aliyeumia.

Mpaka ulipokuja Mfuko.

Waajiri watatu wakubwa, yaani shamba letu la mkonge, kiwanda cha sukari na mahoteli ya watalii, waliungana wakaanzisha bima yao ya afya. Haitafuti faida. Kinachobaki mwisho wa mwaka kinanunua dawa na vitanda. Wakajenga hospitali yao Mikumi, ndogo, safi, ya wanachama. Mfanyakazi unaingiza mke mmoja na watoto wanne, umemaliza. Hakuna wakala, hakuna mpelelezi, na mfanyakazi mwenyewe hapigwi picha. Wanapigwa picha mke na watoto. Wewe unajulikana kwa namba yako na kwa genge lako, ambalo linasimama mbele ya nyapara na kuapa kwamba huyu ni mkeo na hawa ni wanao. Genge likigundulika limeapa uongo, kadi zote za genge zinafungwa mpaka lihakikiwe upya.

Nami nikamwandikisha Magdalena, mke wangu wa ndoa: mke wa Ditram Makarius. Watu kumi na wawili wakaapa. Nilijiona mjanja sana siku hiyo, nikawanunulia soda.

Sasa Ditram akaja kutoka Lumuma na mkewe Sesilia, mwenye uvimbe tumboni unaotaka kupasuliwa. Akiamini namba bado ni yake na mimi namtunzia tu, akampeleka Mikumi na kitambulisho chake cha taifa. Walichomwambia ndicho kilichomleta kwenye kataa langu, kipande changu cha kukata mkonge, asubuhi ile kwa bodaboda. Alichomoa kisu changu mwenyewe kwenye tita la mkonge, na sikio likaenda.

Hapo ndipo tulipoishia.

Damu ilikuwa inanishuka shingoni. Ditram alishika kisu kwa mikono miwili.

"Umeoa kwa jina langu," alisema. "Sawa. Sasa mke wangu atibiwe kwa jina la nani?"

"Weka kisu tuongee, binamu."

"Dada wa dirishani alinigeuzia kompyuta. Picha ya mwanamke nisiyemjua. Akaniuliza, mbele ya Sesilia, kama huyu niliyekuja naye ni hawara. Miaka kumi na moja ya ndoa ya kanisani, Beda. Nikaulizwa hivyo."

Sesilia alikuwa amepiga magoti kwenye tuta, sikio langu kalifunga kwenye pindo la kanga. "Ditram, umeshamkata," alisema. "Inatosha."

Haikutosha. Alinirukia. Nilijitupa nyuma nikaanguka juu ya matita, nikashika jani moja la mkonge kwa shina na kumchoma nalo. Mwiba wa ncha ulimwingia shavuni ukakatikia humo. Akapiga kelele, kisu kikashuka begani kwangu badala ya shingoni.

Nikamkaba. Tukabingirika mpaka kwenye reli ya toroli. Mkono wangu ukagusa pini ya kuungia matoroli, chuma cha urefu wa mkono, kizito. Nilimpiga nayo gotini nikasikia goti likiitika.

Nakiri kwamba kufikia hapo sikuwa najitetea tena. Ditram alikuwa chini, kisu kimemtoka, anashika goti. Ningeweza kuondoka. Nilisimama juu yake nikainua chuma nikilenga kichwa, na nilitaka kabisa kumuua.

"Baba, usifanye."

Ilikuwa sauti ya Magdalena. Alikuwa ameniletea chakula, kama kila siku, mimba ya miezi minane tumboni. Muuguzi wa zahanati ya shamba alishamwandikia barua ya Mikumi kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, kwenye njia ya mtoto. Alikatazwa hata kubeba ndoo.

Alinishika mkono wenye chuma. Nikamsukuma.

Nimekuwa nikiandika sehemu nane zote nikijua nitafika kwenye sentensi hii. Aliyemwangusha Magdalena ni mimi. Aliangukia reli kwa kiuno, bakuli la maharage likamwagika, na alipojaribu kuinuka gauni lake lilikuwa limeshaanza kulowa.

"Beda," akasema. "Beda, mtoto wangu."

Miaka sita, kama hakuniita Baba aliniita Ditram, hata ndani kwetu, hata kitandani, ili ulimi usije ukateleza mbele za watu. Siku hiyo uliteleza, na watu walikuwepo. Genge lilikuwa limekuja mbio kusikia kelele, visu mkononi. Mbele yao alikuwa Ashrafu.

Ashrafu ndiye nyapara wetu. Mtu mrefu, mkimya, fimbo ya kupimia mkonge haimtoki. Alihamishiwa kwetu miaka mitatu iliyopita akitokea Mvumi, alikoanza unyapara baada ya mimi kufukuzwa. Ana wake wawili na watoto watano, na wa tano, binti wa mke mdogo, ana selimundu. Kila mwezi mtoto yule anahitaji dawa, na akizidiwa anaongezewa damu. Mfuko unachukua mke mmoja na watoto wanne. Sikuwahi kujiuliza huyo wa tano anatibiwaje.

Ashrafu alimwangalia Ditram pale chini. "Wewe nani?"

"Ditram Makarius."

"Ditram ni huyu hapa."

"Huyo ni Beda. Mtoto wa shangazi yangu. Anakata kwa namba yangu, na mwanamke huyo kamwandika mke wangu." Akatoa kitambulisho mfukoni akamrushia.

Ashrafu alikisoma. Kisha akanigeukia mimi. "Beda nani?"

"Ashrafu, mke wangu anatoka damu. Tafadhali."

"Nimekuuliza Beda nani."

"Beda Donati."

Rangi ilimtoka usoni. Alirudi hatua moja nyuma, mdomo wazi, halafu akanipiga na fimbo katikati ya uso.

Wengine hawakungoja. Nilipigwa kwa ngumi, kwa viatu, kwa bapa za visu. Sikuwalaumu wala siwalaumu leo. Kila aliyenipiga alikuwa na mtu wake kwenye Mfuko, na kila mmoja alitaja jina la mtu wake huku ananipiga. Mmoja mama yake ana kisukari. Mwingine mtoto wake ana mguu wa chuma. Zamani ukidanganya bima ulikuwa unamdanganya tajiri wa mbali, watu wanacheka. Hii ilikuwa ya kwao, na mimi ndiye niliyewaapisha uongo juu ya dawa za watoto wao. Jino la mbele lilitoka. Mbavu mbili zililia.

Aliyewasimamisha ni Sesilia. Aliingia katikati ya wanaume kumi na wawili, mikono yake imejaa damu ya Magdalena.

"Mkimaliza kumuua huyu, mtazika wawili na kichanga," alisema. "Nani ana gari?"

Wakasimama. Ashrafu alikuwa anahema. Nilitegemea aseme tujitegemee, lakini akatupa fimbo ndani ya pikapu ya shamba.

"Napeleka mimi," alisema. "Na nitakuwepo mpaka mwisho."

Nikafikiri ni huruma. Msomaji, mimi nimeshapigwa mara nyingi maishani na bado sijifunzi kusoma uso wa mtu.

Ditram aligoma kupanda. "Nikampeleke hawara wa mwenzangu kwa jina langu? Mimi?"

"Mpeleke," Sesilia akamwambia. "Uvimbe wangu una miaka miwili, hauniui leo. Yeye hii leo haimalizi."

Ditram alimwangalia mkewe, akapanda, akiburuta lile goti.

Kutoka kataa letu mpaka lami ni mashimo matupu. Nilikaa nyuma, kichwa cha Magdalena mapajani kwangu. Sesilia alimwinulia miguu juu ya gurudumu la akiba, kanga ya kwanza imeshalowa, akaanza ya pili. Ditram alikaa upande wa pili akijichomoa mwiba shavuni kwa kucha.

"Baba," Magdalena aliniita.

"Usiongee."

"Nikifia huko, wasije wakaniandika mke wa Ditram. Hata kwenye karatasi. Sitaki."

"Hufi."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Ditram alisikia. Akatema mate ya damu nje ya gari.

Tulipogusa lami nilimwambia Ditram, "Piga ngumi nyingine kama unataka. Ila tukifika useme ni mkeo. Neno moja tu."

"Unajua neno hilo linamfanya nini Sesilia?"

"Najua."

"Hujui. Dada yule aliniambia jina langu limesimamishwa. Nikija na mwanamke wa kwenye picha, nikathibitisha kwa kitambulisho na sahihi, basi ni huyo huyo, habadilishwi tena. Sahihi yangu kwa mkeo ni mlango kufungwa kwa mke wangu." Sauti yake ilikatika. "Na wewe unaniomba kwa mdomo uliojaa damu, kama vile mimi ndiye niliyekukosea."

Nilimpiga. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu alisema kweli. Alinirudishia kwa kiwiko kwenye kile kidonda cha sikio, nikaona giza mchana, na Magdalena akapiga yowe kwa sababu kichwa chake kiligonga bodi. Tukaacha wenyewe.

Hospitali ya Mfuko iko pembeni ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita. Kwenye ukuta wa mapokezi kuna tangazo kubwa: asiye mwanachama atahudumiwa kwa dharura ya kwanza, kisha atapelekwa Morogoro kwa gari la wagonjwa. Morogoro ni saa mbili ukiwa na bahati. Nililisoma tangazo hilo mara mbili huku machela ikiondoka na mke wangu.

Dirishani alikuwa dada mmoja mwenye miwani, kibao kifuani kimeandikwa Grace. Ditram alimsukumia kitambulisho.

"Ahaa, kaka Ditram," alisema. Aliangalia kompyuta, akainuka kuchungulia machela, akakaa. "Na leo umekuja na mkeo wa kwenye picha. Mbona hukusema ukweli siku ile?"

Ditram alinitazama.

"Muingizeni kwanza," alisema.

"Anaingia. Sahihi utaweka kwa daktari." Kisha Grace akatuona sisi wengine: mimi nisiye na sikio, Ashrafu na fimbo yake, Sesilia aliyelowa mpaka viwiko. "Na ninyi mmepatwa na nini?"

"Toroli," Ashrafu alijibu.

Haikupita robo saa, daktari akatoka. Daktari Yared, kijana, viatu vya mpira vyeupe vikiwa na madoa mapya.

"Mume wa Magdalena?"

Ditram akainua mkono nusu.

"Kondo limeachia. Nampasua sasa hivi. Mtoto bado anapumua. Damu isiposimama nitatoa kizazi, na hilo silifanyi bila sahihi ya mume. Mume asipokuwepo tunasaini madaktari wawili, lakini leo niko peke yangu, mwenzangu yuko njiani kutoka Morogoro. Nina dakika kumi za kumwandaa. Nikirudi, karatasi iwe tayari."

Akamwachia Ditram karatasi na kalamu. Milango ikafungwa.

Ditram alikaa kwenye benchi. Aliweka karatasi juu ya goti zima, akashika kalamu, akaangalia mstari wa sahihi. Sesilia alikaa kando yake. Uvimbe ulionekana wazi chini ya blauzi, mkubwa, umeelemea upande mmoja.

"Weka," Sesilia alimwambia taratibu.

"Hapana."

"Ditram."

"Nimesema hapana. Miaka miwili nakusikia unalia mgongo umeupa ukuta ili nisijue." Akaninyooshea kalamu. "Wewe. Nenda pale dirishani useme wewe ni nani, na huyo mwanamke ni wa nani. Anaye mume. Mumewe yuko hapa ana mikono miwili. Aweke sahihi mwenyewe."

"Nikisema mimi ni Beda, yeye siyo mwanachama. Atapelekwa Morogoro. Hafiki."

"Na Sesilia akirudi Lumuma atafika wapi?"

Nikamshika ukosi nikambamiza ukutani. Tangazo lilidondoka. Alinipiga kichwa, pua yangu ikafunguka, mama mmoja aliyekuwa na mtoto akakimbilia nje. Nilikuwa namkaba kwa vidole gumba vyote viwili, macho yanamtoka, na bado kalamu hakuiachia. Hata sasa naiona ile kalamu.

Ashrafu alinichomoa kwa kunishika ukosi. Akanivuta mpaka pembeni ya mashine ya maji, na nikahisi kitu chenye ncha kimegusa mgongo, juu kidogo ya mkanda, pale kwenye figo. Alikuwa amekuja na kisu cha mkonge ndani ya koti.

"Nisikilize vizuri," alinong'ona. "Jina la Beda Donati usilitaje humu ndani. Mwambie dada wewe ni shemeji, ni jirani, ni nani sijui. Ukilitaja, nakumaliza hapa hapa, niende jela."

"Genge litahakikiwa tu, Ashrafu. Wiki mbili, tatu. Mtafunguliwa kadi zenu."

"Siongelei genge."

Sikumwelewa. Wala sikuwa na muda. Saa ya ukutani ilikuwa imekula dakika nne. Ditram asingesaini; nilimjua tangu utoto, akikataa amekataa. Nikinyamaza, Magdalena anakufa kwa kukosa sahihi. Nikisema, pengine yule dada ana roho, pengine daktari hatakubali kumwondoa mezani, pengine nasaini mwenyewe na hayo mengine tutayaona. Na nilikuwa nimemwahidi kwenye gari.

Nikatembea kwenda dirishani. Ashrafu alitembea nyuma yangu, amenisogelea kwa karibu, mtu asiyejua angesema ananishikilia nisianguke. Kila hatua ile ncha iliingia kidogo. Nilihisi joto likishuka ndani ya suruali.

"Kaka, unahitaji kufungwa hilo sikio," Grace alisema.

"Dada, nina la kusema." Nilishika ukingo wa dirisha. "Mwanamke aliyeko ndani siyo mke wa Ditram."

Kisu kikasukumwa. Niliuma mdomo.

"Ni mke wangu. Ditram ni yule pale, na mke wake ni yule aliyekaa naye. Mimi nilikuwa nakata kwa namba yake. Jina langu ni Beda Donati."

Nikafumba macho kungoja kisu kizima. Nilisikia vidole vya Grace kwenye kompyuta, tik tik tik. Nilisikia pumzi ya Ashrafu kwenye kidonda cha sikio langu.

"Beda Donati," Grace alisoma. "Kambi ya Mvumi?"

Nikafumbua macho.

"Zamani, ndiyo. Mvumi."

"Sasa kaka unanichanganya. Kama wewe ni Beda Donati wa Mvumi, mbona ni mwanachama? Namba yako iko hai. Genge limekuapia."

Ile ncha mgongoni ikaacha kusukuma.

Nilicheka. Nakiri nilicheka kwa sauti, na meno yangu mekundu. Namba haifi. Kuna mtu kule Mvumi alikuwa anakata kwa jina langu, kama mimi nilivyokata kwa jina la Ditram, na bila kujua alikuwa amenitunzia nafasi kwenye Mfuko. Magdalena angekuwa mke wa Beda, na Sesilia mke wa Ditram. Kila mtu kwenye jina lake, na hakuna wa kupelekwa Morogoro. Niligeuka nikamwona Ditram amesimama kwa mguu mmoja, amesikia, na usoni ana kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tukiwa wadogo.

"Basi andika," nikamwambia Grace. "Magdalena, mke wa Beda. Nipe karatasi nisaini."

"Siwezi."

"Kwa nini usiweze?"

"Mke mmoja kwa namba moja, kaka. Wewe unaye." Akanigeuzia kompyuta. "Mkeo huyu hapa. Na mtoto mmoja, Yusrah, miaka saba, selimundu. Wamelazwa toka juzi, wodi ya watoto, ameongezewa damu leo asubuhi. Kweli hujui kama mtoto wako amelazwa?"

Kwenye kioo kulikuwa na picha mbili. Mwanamke wa ushungi wa bluu, na binti mwembamba mwenye macho ya njano. Macho niliyajua. Yalikuwa ya Ashrafu.

Niligeuka. Ashrafu alikuwa ameshusha mkono, kisu kinaning'inia, damu yangu inadondoka kwenye vigae. Alikuwa analia bila kutoa sauti, mtu mzima yule. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuja na sisi. Aliyeichukua namba yangu Mvumi ni yeye; mke mdogo akaandikwa mke wa Beda, na mtoto wa tano akapata jina.

"Usikubali mama yake aitwe," Ashrafu aliniambia mimi kwa chini, Grace asimsikie. "Ndugu yangu, asiitwe."

Lakini Grace alikuwa ameshainuka. Alifungua mlango wa ndani akaita, "Mama Yusrah, njoo mara moja. Baba Yusrah amekuja."

Alikuja haraka, ndala mkononi, ushungi umekaa upande, kama anavyokuja mtu aliyeambiwa mume wake ameumia. Alimwona Ashrafu kwanza. Akaona kisu. Kisha akaniona mimi, mtu asiyemjua, sina sikio, natiririka damu, nimeshika ukingo wa dirisha.

"Mama," Grace alisema, sauti yake sasa imebadilika, mkono uko kwenye simu ya mezani. "Niangalie mimi. Namba ya Beda Donati ndiyo inayomtibu mtoto wako. Huyu anasema yeye ndiye Beda, na anasema mke wake ni mwingine, yule anayepasuliwa. Kama ni kweli, wewe na mtoto hamko kwenye Mfuko. Nataka jibu moja. Huyu ni mumeo au siyo mumeo?"

Nilimtazama yule mama. Nilimwomba kwa macho. Nilitaka aseme siyo. Neno moja tu, lile lile nililomwomba Ditram kwenye gari.

Ndani ya wodi mtoto alikohoa, akaita mama.

"Ndiye," alisema yule mama. Akanisogelea, akanishika mkono ambao hajawahi kuushika. "Ndiye mume wangu. Amechanganyikiwa kwa sababu ya kupigwa."

Ditram aliketi tena. Nilisikia kifuniko cha kalamu kikirudi mahali pake.

Milango ikafunguka. Daktari Yared alikuwa ameshavaa glavu, mikono ameiinua mbele ya kifua. Aliangalia karatasi tupu kwenye goti la Ditram, akaangalia saa.

"Mume wa Magdalena nani?"

Tulikuwa wanaume watatu mle ndani. Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na mke wa mtu, Ashrafu amegeukia ukuta, Ditram anaangalia sakafu.

"Nauliza mara ya mwisho," daktari alisema. "Huyu mama ana mume, au hana?"